Hudihudi wa Mashahidi Wawili

Mama, mwaka umetimia. Mwaka mzima tangu ututoke, wiki ileile ambayo miti ya nyuma ya matangi ya maji huanza kutoa majani mapya, na wewe huanza kutugongea milango: "Amkeni! Ndege hamsubiri mtu anayetafuta soksi." Tulikusudia kuandika maneno machache tu, picha yako juu na majina yetu chini, kama wafanyavyo wenzetu. Lakini kuna jambo limetokea nyumbani kwako, na tusipokwambia wewe tutamwambia nani? Tuvumilie, tutafika.

Chumba chako cha mbele hatujakigusa sana. Cherehani iko palepale dirishani, mkasi mkubwa umelala juu ya meza. Lile pazia la kijani la mwenye duka la viatu, uliloliacha limepindwa upande mmoja, binti yako mkubwa alilimalizia. Upindo wake umekwenda mrama, jamani, hata kipofu angeuona. Mwenye duka kalitundika hivyohivyo. Wateja wakimuuliza anasema ule upande ulionyooka ni wa fundi mwenyewe, na huu mwingine ni wa majonzi.

Wengine walikujua kwa mapazia. Sisi tulikujua zaidi kwa ile njia ya nyuma ya matangi, kila Jumamosi ya majira ya machipuko: darubini shingoni, chupa ya chai kwapani, ile kofia yako iliyotoboka utosini, na sisi nyuma yako kama vifaranga. Vipepeo uliwapa majina ya kazini kwako. Yule wa kahawia, ambaye akifumbua mbawa unakuta buluu tupu, ulimwita Bitana. "Huyu kavaa nguo nje ndani," ulikuwa ukisema, "uzuri wote kauficha." Wale wadogo weupe wanaotangatanga chini chini walikuwa Vipande. Wa manjano wenye kingo nyeusi walikuwa Upindo. Mpaka leo wajukuu wako hawajui majina mengine, na mwalimu wao wa sayansi keshanyoosha mikono.

Kwenye ndege hukuwa na utani. Ndege ulimtaka kwa jina lake, kwa mlio wake, kwa rangi ya miguu yake. Ulikuwa ukisimama ghafla, kidole juu, na sote tunaganda. "Sikilizeni. Huyo si tetere. Tetere anabembeleza, huyo analalamika." Majirani walipokuona umekodolea macho miti ya uani kwao, uliwajibu kwa kicheko: "Macho hayana pazia, na anayewaambia ni fundi mapazia!"

Halafu kulikuwa na ile sheria yako. Ndege wa mtu mmoja hahesabiwi. Lazima watu wawili wawe wamemwona. Akiwa na shahidi mmoja, ulisema, hiyo ni hadithi. Akiwa na wawili, huyo ni ndege. Na hukumwonea mtu huruma. Kitinda mimba wako alilia siku moja kwa ajili ya mdiria aliyemwona peke yake mtaroni. Ulimfuta machozi, ukamtilia chai, ukamkumbatia. Mdiria hukumpa.

Tunajua sheria hiyo ilikotoka, kwa kuwa Mama Mkubwa, dada yako, alikuwa akitusimulia huku anacheka. Ulikuwa mtoto mdogo, umetumwa kuanika nguo uani, ukarudi ndani mbio na nguo mbichi mikononi. Umemwona ndege! Ana kishungi kichwani, anakifungua na kukifunga, na mbawa zake zina milia myeusi na myeupe! Nani akuamini? Mama Mkubwa akakuuliza kama alivaa na viatu, kisha akakupa jina: Bi Chuku. Jina likakuganda mpaka ulipoolewa. Ulipokua ukaja kujua kwamba ndege yule anaitwa hudihudi, yupo, na hupita kwetu mara mojamoja. Lakini siku ile ulikuwa peke yako, na sheria uliyoitunga ukaanza kujibana nayo wewe mwenyewe. Hudihudi hukumhesabu kamwe. Kila machipuko ulimtafuta, na kila machipuko hakuja.

Sasa tuje kwa Baba.

Baba ni fundi saa, unamjua kuliko sisi. Maisha yake yote yamepita ndani ya kile kioo kidogo anachokibana jichoni. Skrubu ndogo kuliko punje ya mtama ikidondoka chini ya kabati, ataiona. Tembo akisimama ng'ambo ya barabara, atauliza ile ni nyumba ya nani. Na mtu huyo, katika watu wote, ndiye uliyemfanya shahidi wako. "Umemwona?" "Nimemwona." Hata mti wenyewe hajaupata bado, lakini keshamwona! Tulikuwa tukiumana vidole tusicheke.

Unakumbuka ile siku ya uzio? Sisi tunaikumbuka. Ulimnyooshea kidole, uso mkavu kabisa.

"Mume wangu, yule mweupe pale kwenye waya, umemwona?"

"Nimemwona."

"Anafanya nini?"

Baba akakaza macho. "Anapigapiga mbawa. Nadhani anataka kuruka."

Ulikaa chini kwenye nyasi, Mama, ukacheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe yule ndege ni mfuko wa plastiki. Tangu siku hiyo kila mfuko unaoning'inia kwenye waya mtaani kwetu ni ndege wa Baba. Naye alinuna mpaka jioni, akakwambia utafute shahidi mwingine mwenye macho. Ukamjibu, "Nitampata wapi mwingine anayenikubalia kabla sijamaliza kusema?" Hapo akacheka.

Ni mara moja tu ulimkatalia. Machipuko yako ya mwisho, kitu fulani kilipita kwa kasi nyuma ya matangi, ukashika mkono wa Baba. "Kishungi! Umeona kishungi?" Akasema kama kawaida yake, "Nimemwona." Ukashusha darubini. Hukukasirika. Ulimwambia taratibu, na sisi tulisikia, "Wengine wote nidanganye, nimekusamehe tangu zamani. Huyu usinidanganye. Huyu nataka umwone kweli."

 Baba hakusahau.

Ulipotutoka, machipuko yakaja siku chache baadaye bila haya, maua kila mahali, vipepeo mpaka mlangoni. Hatukutoka hata Jumamosi moja. Darubini ikabaki kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Baba akaanza kufunga pazia la dirisha la upande wa matangi mchana kweupe, na taa anawasha. Hatukumuuliza. Kila mtu ana namna yake ya kulia, na tuliona hiyo ndiyo yake.

Basi Jumamosi iliyopita tumeamka, pazia liko wazi. Msumari mtupu. Baba hayupo, kofia yako haipo. Tukatazamana. Alirudi jua limeshapanda, viatu vimejaa tope, kofia kichwani imemkaa upande. Akasimama kwenye mlango wa jikoni, akasema:

"Nimemwona."

Kitinda mimba wako, mdomo umejaa mkate, akamuuliza, "Alikuwa ameandikwa duka gani?"

Mama, tulicheka! Tulicheka mpaka tukashika meza. Nyumba hii haikuwa imecheka hivyo mwaka mzima. Tulipofuta machozi ndipo tukaona kwamba mwenzetu hacheki. Alivuta kiti, akavua kofia, akaiweka magotini.

"Hudihudi," alisema. "Alitua pale bomba la matangi lilipopasuka. Hakurukaruka kama ndege wengine, alikuwa anatembea, kama mtu aliyedondosha sindano. Mdomo wake mrefu, mwembamba, umepinda kidogo mbele. Ungefaa sana kutolea skrubu."

 Miaka yote ile ya "nimemwona", Baba hajawahi hata siku moja kutuambia ndege alikuwa na mdomo wa namna gani.

"Kwani alikuwa mbali kiasi gani, Baba?" binti yako mkubwa akamuuliza.

"Hakuwa mbali. Angekuwa mbali ningemwona mimi?" Akaonyesha kutoka kwenye kiti mpaka kwenye jiko. "Alikuja mpaka hapa. Kishungi kikafunguka chote, kina ncha nyeusi, kikajifunga. Nikageuka nimuulize mama yenu, 'Umemwona?'"

 Aligeuza kofia yako mikononi, akaigeuza tena.

"Nikakuta sina mtu," alisema. "Kwa hiyo hahesabiwi. Niko peke yangu."

Akalia, Mama. Mbele yetu, jikoni, mwanamume ambaye siku ya mazishi alikuwa anatufariji sisi. Kitinda mimba akamshika bega, akasema, "Sisi tutakuwa mashahidi, Baba. Tutasema tumemwona." Baba akatikisa kichwa. "Wengine wote sawa. Huyu hapana. Huyu mama yenu alikataa kudanganywa."

Kesho yake tukatoka sote. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Wakwe zako, wajukuu, hata Mama Mkubwa na fimbo yake na magoti yake mabovu, analalamika tangu mlangoni kwamba njia hii mliitengenezea mbuzi. Tukakaa karibu na lile bomba, kimya kama maji mtungini. Tulimwona tetere. Tuliwaona shorewanda wanagombana. Bitana alikuja akatua kwenye kofia yako, kichwani kwa Baba, akafumbua buluu yake yote, na wajukuu wakaziba midomo kwa mikono. Kwenye uzio kulikuwa na ndege wa Baba mmoja, tukampigia saluti. Tulikaa mpaka jua likatuunguza visogo. Hudihudi hakuja.

Tukaanza kurudi. Baba yuko mbele, kofia kaishika mkononi. Yeyote angemtazama mgongo angejua anachokiwaza: kwamba kitu kimoja ulichomwomba kwa dhati amekipata, na hana pa kukupa. 

Mara fimbo ikagonga chini. "Shemeji! Hebu simama."

Baba akasimama. Mama Mkubwa akamfikia polepole, anahema.

"Sheria ya mdogo wangu ilisemaje?"

"Watu wawili," Baba akajibu. "Lazima wamwone watu wawili."

"Ilisema lazima wamwone siku moja?"

Baba akakuna kichwa.

"Nakuuliza, shemeji. Ilisema?"

"Haikusema."

"Basi hesabu vizuri, wewe si fundi? Mmoja alimwona uani kwetu, ana nguo mbichi mikononi. Nilikuwepo. Nilimcheka mimi." Akaegemea fimbo yake. "Wa pili kamwona jana, hapo kwenye bomba. Kishungi kilekile, milia ileile. Hao si wawili? Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. La huyu lipo, na anayebisha aje tubishane."

Hakuna aliyebisha. Mama Mkubwa akageukia matangi na ile miti yako, kana kwamba umesimama hapo na chupa yako ya chai, akasema kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake, "Mdogo wangu, hukupiga chuku. Nisamehe."

 Baba akavaa kofia yako, akaiweka sawa, akainua kidole juu kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Sote tukaganda. "Umemwona?" akauliza, uso umeelekea mitini. Akangoja, kama mtu anayejua ataitikiwa. Halafu akajibu mwenyewe, taratibu, na safari hii hakuna aliyeuma kidole: "Nami nimemwona."

Hiyo ndiyo habari yenyewe, Mama. Hudihudi amehesabiwa. Shahidi wa kwanza ni wewe. Wa pili ni mume wako, na huyu hakukudanganya.

Tunakukumbuka sisi: mumeo, fundi saa, ambaye pazia la upande wa matangi sasa analifungua kabla hata ya kunawa uso, dada yako mkubwa, anayekurudishia jina lako na kulifuta lile la Bi Chuku, binti yako mkubwa na upindo wake uliokwenda mrama, mwanao wa kati, aliyebeba chupa ya chai siku ile na kukusahaulia kikombe, kitinda mimba wako, ambaye bado anaomba umfikirie kuhusu yule mdiria, wakwe zako, wajukuu zako wote, wanaowasalimu Bitana, Vipande na Upindo, na mwenye duka la viatu pamoja na pazia lake.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Na huko uliko, Mama, wakikuuliza habari ya ndege mwenye kishungi, wakataka kujua kama una shahidi, waambie unaye.