Mjomba Amekizika Kipande cha Mama

Jumamosi, Juni 2006. Ghubra.

Joto la leo halina adabu. Nimerudi kutoka Mabela kwa Mjomba na vumbi viatuni, na hasira tele.

Mwezi uliopita Mama aliondolewa uvimbe wa saratani kwenye titi. Ipo dawa mpya ya kudungwa, inayousaidia mwili kuitambua saratani na kupigana nayo. Lakini haimfai kila mgonjwa. Daktari anataka kwanza kujua kama seli za uvimbe ule zina alama fulani. Ikiwapo, dawa ina pa kushika. Isipokuwapo, dawa itamdhuru Mama moyo bure.

Kipimo kinafanywa India. Hospitali ikakubali kutupa kipande cha uvimbe kilichogandishwa ndani ya nta, kidogo kama tonge la halua, tukipeleke. Jumatano nilikuwa kazini, nikamtuma Mjomba Nasor, kaka yake Mama, akakichukue.

Akakichukua. Akakifunga kitambaa cheupe, akakizika nyuma ya nyumba yake.

"Nyama ya dada yangu ile, mwanangu," aliniambia leo, hana wasiwasi wowote. "N'kiweke kabatini na vikombe?"

Nilitaka kumpigia kelele. Lakini kwetu kinachokatwa mwilini mwa mtu huzikwa, na mimi nilimwambia tu akachukue kifurushi cha Mama. Cha nini, sikusema. Nilikuwa na haraka zangu. Kosa ni langu pia, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikampigia simu mtu wa maabara ya hospitali. Kanijibu kuwa nta haiozi, inaogopa joto tu.

Na huu ni mwezi wa sita.

Mjomba akagoma kufukua. Kilichozikwa kimezikwa, anasema. Nikamtia garini, nikamleta kwa Mama. Mama akasikiliza yote, kisha akamwambia, "Nasor, kafukue. Mwenyewe bado sijazikwa."

Mjomba akalia. Sijapata kumwona akilia.

Kesho tukishaswali alfajiri tunachimba, yeye na mimi. Kikiwa kimeyeyuka, nitakaa mlangoni pa maabara mpaka wanitafutie kipande kingine. Huenda kipo, huenda hakipo. Jibu lenyewe la kipimo naliogopa, sifichi. Alama ikikosekana, sijui nitamtazamaje Mama usoni. Hata hivyo nalitaka.

Mama yangu hadungwi dawa ya kubahatisha.