Mukanda Ulikuwa Chini ya Salamu

Jumatatu, 7/3/2011

Madame Godelieve, moja wa bazee ba hii nyumba ninamofanya kazi, ameanguka. Yesu! Mukanda wa ile mashine ya kuinulia bazee kitandani ulikatika asubuhi, yeye akiwa juu. Nilimushika, tukaanguka wote wawili. Hakuvunjika — mukono tu umevimba na kuwa mweusi. Na yeye ndiye aliniomba pardon! Nililia mu toilette.

Kiisha chef Jean-Marie, mukubwa wetu wa kazi, akaniita mu bureau. Eti juu ya nini sikumuambia kama mukanda unapasuka? Miye! Niliandika email mara tatu tangu janvier! Anasema hakuona kitu. Muongo.

Jumanne, 8/3/2011

Nilitoa zile email ku karatasi kwa imprimante, nikamuonyesha Anaïs, mutoto wa Bukavu, tunatunza bazee naye étage moja, ghorofa moja. Nilitaka aniambie niko na haki. Akasoma, akasoma, akacheka — karibu nimupige! Eti: Maman Pétro, unamusalimia chef, unauliza batoto, unauliza goti ya mama yake, unamutakia mwaka muzuri, unashukuru keki ya Noël. Mukanda unatokea mustari wa trente et un, thelathini na moja! Na kwa objet, kichwa cha email, uliandika "Bonjour" tu!

Bon, na kisha? Kwetu Likasi, nani anaingia kwa mutu na kuanza moja kwa moja na shida? Polisi tu!

Lakini chef alinijibu ile ya kwanza. Merci, batoto bako bien. Donc alisoma salamu, akaishia pale. Roho inaniuma kabisa. Kosa yangu iko, sikatai. Ya kwake pia iko.

Jumatano, 9/3/2011

Mukanda mupya haujafika. Chef anasema tutumie ule wa étage ya pili. Nao unapasuka, nimeuona na macho yangu! Nikakataa. Nikakaa ku ordinateur ya infirmières, kompyuta ya banesi, Anaïs nyuma yangu: shida iende juu, kiisha unachoomba, kiisha siku gani. Basi. Nilifuta mara sita.

Objet: Mukanda unapasuka — mipya mbele ya Ijumaa.
Bonjour Jean-Marie. Mukanda wa étage ya pili unapasuka karibu na chuma, photo iko hapa. Tangu leo hatuinui mutu nao. Tunaomba mipya miwili mbele ya Ijumaa, saa sita midi. Pétronille.

Anaïs anauliza: bonjour umeiacha ndani? Inabaki! Miye si mushenzi. Na directrice, mukubwa wa nyumba yote, nikamuweka kwa copie, naye asome. Nikabonyeza.

Alhamisi, 10/3/2011

Directrice alijibu nyuma ya dakika quatorze, kumi na nne! Mikanda ilifika mbele ya midi. Miezi miwili, kiisha dakika quatorze! Nilicheza mu couloir, katikati ya milango ya vyumba. Madame Godelieve alipiga paja na ule mukono muzima.

Chef hakunisalimia.

Ijumaa, 11/3/2011

Chef aliniita, akafunga mulango. Karatasi iko mezani: miye, Pétronille, nakubali kama nilijulisha nyumba juu ya mikanda mara ya kwanza le 9 mars. Saini hapa. Eti famille ya Madame Godelieve inauliza maswali. Eti contrat yangu inaisha juin, nisisahau. Alafu — ona huyu! — ananiuliza batoto bangu bako namna gani. Leo ndio amejifunza adabu!

Nilimuomba dakika kumi. Niko ku ordinateur ya infirmières, kaye, hiki kitabu ninachoandikia, iko juu ya magoti. Naogopa, nisidanganye. Héritier, mutoto wangu, bado anasoma, na kazi ingine nitaipata wapi na huu mugongo? Anaïs ananiletea zile email za karatasi, tarehe ziko juu.

Nimeandika objet: Sisaini. Chini nimeweka zile tarehe tatu, 12 janvier, 3 février, 21 février, na email zenyewe, salamu zote ndani, bacheke kama banataka. Directrice eko kwa copie. Adresse ya email ya binti ya Madame Godelieve iko mu fiche yake, kwenye majina ya famille, hapa mbele yangu. Naiandika, herufi kwa herufi, lettre moja moja.

Jean-Marie ananiita mu couloir. Ananiita tena. Angojee, niko naandika.