Mama hatalala pembeni yako

Papa,

Mama amekufa juzi, hapa kwangu Butembo. Nakuandikia, weye mwenye uko ndani ya kaburi Beni tangu zamani, sababu ile ulifanya imenizuia kumuzika kwao.

Unakumbuka veste yako nyeusi? Nilikuwa naipiga pasi ya makaa kila mara unaenda ku tribunal. Batu balikuwa banakuita Avocat, hata kama Babeleji habakukupa diplome. Balikuacha useme mbele ya juge sababu ulisema vile bao banapenda. Nilijivuna na weye sana. Hiyo ndiyo inaniuma.

Kila mavuno tulipanda mulima mpaka Alimbongo kwa bajomba. Balikupa kiti karibu ya moto, balikueleza mambo yao yote kama mutoto wa nyumba: kwamba kila mwaka banapeleka mbuzi ya muhako kwa chef wa udongo, kumushukuru sababu babu yake aliwapa kile kilima. Weye ulikuwa unaitika tu, unakula.

Kisha muzungu mumoja akataka kilima kwa ng'ombe zake. Ukasimama upande wake, ukaambia juge: «Mwenye kutoa mbuzi kila mwaka hana udongo. Ni mupangaji.» Bajomba balikuwa nyuma yako, bamevaa mashati ya kanisa. Mukubwa wao alikuuliza polepole: «Shemeji, tulikukosea nini?»

Ukamujibu: «C'est la loi. Ni sheria.»

Mama alikupikia mpaka mwisho, lakini kwao hakurudi tena. Alikuwa na haya. Mbele ya kufa aliniambia: «Munizike kwetu. Hapana Beni.»

Nimeenda Alimbongo. Mutoto wa mujomba, sasa ana mvi, amenipa chai na pole. Halafu akasema: «Dada, tunamulilia shangazi. Lakini tumulaze wapi? Kilima kiko na bengine mpaka leo, tunalima mashamba ya batu. Hata baba tulimuombea nafasi ku kanisa.»

Nilikunywa ile chai, nikashuka.

Donc nimemuzika nyuma ya jikoni yangu, kati ya maharage. Wadogo zangu balitaka tumulete kwako, eti nafasi iko. Nimekataa. Nakupenda bado, Papa, na hiyo pia inanikasirisha. Ile nafasi ikae tupu. Hata mimi sitakuja.

Ulale peke yako.

Mutoto wako wa kwanza