Polisi na Mashaka Wafika Lindi

Jumatano, 30 Julai 2025
Nachingwea

Gari limekwisha. Mume wangu Silvanus ameweka bawaba ya mwisho asubuhi hii. Kitanda cha chuma cha kukunja, jiko la gesi, tangi dogo la maji juu ya paa, na mapazia yangu ya kitenge. Ni ile Haisi mbovu, basi dogo lililotupwa nyuma ya karakana yake, majirani wakawa wanaanikia makopa ya muhogo humo. Walimcheka sana. Leo wamekuja mmoja mmoja kuchungulia.

Kesho tunakwenda Lindi kwa binti yetu Lusiana. Tangu aolewe na Yasini hatujakanyaga kwake. Amefuata dini ya mumewe, huko wanamwita Samia. Mimi nilikubali mapema. Baba yake alinyamaza, na Silvanus akinyamaza nyumba nzima inakuwa nzito. Sasa kasema twende, lakini hatalala kwa wakwe. "Nitalala kwangu, hata huko."

Na mbwa wetu wawili, Polisi na Mashaka, wanakwenda. Nilimwambia Lusiana kwenye simu. Akauliza: "Mama, mbwa?" Nikasema watakaa garini. Akasema haya, sawa. Sauti yake haikuwa sawa.

Alhamisi, 31 Julai

Ruangwa tulisimama kunywa chai. Watu wakajaa mlangoni pa gari. Mama muuza vitumbua akaomba kuingia, akakaa kitandani, akasema angekuwa na gari kama hili yeye, mumewe asingemwona tena. Silvanus akajifanya anakagua tairi. Shingo yake naijua ikiwa na raha.

Jioni Lindi. Tumeegesha ufukweni, chini ya mivinje. Maji yamekupwa, matope matupu. Mashaka alikimbilia kunywa bahari — kisha akakaa chini akitutazama kama sisi ndio tumeitia chumvi. Polisi yeye alibwekea mawimbi mpaka akachoka. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Lusiana kaja na mumewe kutuamkia. Amenenepa kidogo. Anapendeza na mtandio. Baba yake kampa mkono, basi.

Ijumaa, 1 Agosti

Asubuhi tumeuzunguka mji kwa miguu, mbwa kwenye kamba. Majumba ya zamani yanabomoka na miti inaota ukutani. Watu wanatupisha njia, wengine wanavuka barabara kabisa. Nikaanza kuona haya. Silvanus hapana, anatembea kifua mbele kama yuko gwaride. Kwenye soko la samaki, kamba ya mbwa mmoja ikamponyoka, akaita kwa sauti, "Polisi, njoo hapa!" Wauza samaki wawili wakafunika beseni zao haraka. Walipoona ni mbwa, soko zima likacheka. Tukapewa pweza wa kukaanga bure.

Baada ya sala ya Ijumaa tukaenda kwa wakwe. Mbwa tuliwafungia garini. Bi Kulthumu, mama yake Yasini, ni mjane, mtu wa maneno machache. Wali wa nazi, samaki changu, mchicha. Lusiana hakula. Alikuwa anamwangalia baba yake, na baba yake anaangalia sahani.

Mazungumzo yakaingia shamba lao la Kitunda, ng'ambo ya maji. Nguruwe mwitu wanamaliza muhogo. Yasini analala huko akigonga debe, na nguruwe wameshalizoea debe. Silvanus, ambaye tangu tufike alikuwa anasema asante tu, akaweka kikombe chini.

"Mimi shambani kwangu Lionja nguruwe hawagusi muhogo. Nina mbwa."

Nilitaka kumfinya. Lusiana akainamisha kichwa.

Bi Kulthumu akamgeukia. "Mkwe, mbwa wa kulinda shamba dini haimkatazi," akasema. "Wanaokataza ni majirani." Akacheka yeye wa kwanza.

Basi jioni wamevuka, Silvanus, Yasini na mbwa wote wawili. Mkata tiketi wa kivuko akakataa: mbwa hawa wa nani, wataumiza watu. Yasini akajibu mbele ya abiria wote, "Wa baba mkwe wangu. Nakaa nao mimi." Nilikuwa nimewasindikiza, nilisikia kwa masikio yangu. Silvanus naye alisikia. Akageuka kutazama maji.

Lusiana kaomba alale na mimi garini. Anashikashika kila kitu. Ameuliza kama baba alimaliza kitanda peke yake. Nikamwambia ndiyo. "Huyo ndiye baba," akasema.

Jumamosi, 2 Agosti

Wamerudi na kivuko cha kwanza. Silvanus tope mpaka magotini. Polisi ana jeraha begani, si la kutisha. Yasini ndiye anayesimulia, tena kwa kila mtu: dume kubwa la nguruwe lilitoka bondeni, Polisi akalikabili, Mashaka akawazungusha wengine mpaka wakaingia porini. Hakuna shina hata moja lililong'olewa. Anasema "baba alifanya hivi, baba alisema vile." Tulipofika alikuwa anamwita "mzee".

Bi Kulthumu amekuja mwenyewe mpaka hapa na maji ya moto yenye chumvi. Yeye hakumgusa mbwa, lakini alisimama karibu Silvanus alipoosha jeraha. Akaingia garini, akakaa. Akasema hiki ndicho kitanda cha fundi. Nimejivunia mpaka nikasahau kumpa chai.

Kisha akasema, "Mkwe, niachieni mmoja."

Silvanus hajawahi kumpa mtu hata mtoto wa mbwa. Akasema mbwa hapewi mtu tu, lazima azoeshwe shamba na mwenye shamba. Bi Kulthumu akasema, basi mzoesheni, kaeni. Silvanus: korosho zetu zinasubiri dawa ya salfa. Yasini: nitakuja Lionja nipulizie mimi, baba.

Naandika haya kiti cha mbele, mlango wazi. Silvanus amempa Yasini kamba ya Polisi, anamwonyesha pa kushika ili asimtoneshe. Yasini amechuchumaa, kamba kaishika kwa ncha za vidole. Bi Kulthumu anamwambia mwanawe asiogope, na yeye mwenyewe amerudi nyuma ya mvinje. Lusiana ananiita nikaone. Ngoja —