Tairi ya Mbele

Mugutha,
Ruiru.
11 Juni 1996

Kwako muru wa maitu, ndugu yangu wa tumbo moja, Nicanor,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimeanza kuizoea baridi ya Nyahururu, na zile mashine za kupasua mbao hazijakutamani kidole kingine. Sisi huku hatujambo. Ng'ombe hajambo. Ukuta wa choo bado umesimama, kwa maombi.

Kabla sijaenda mbali, nina wajibu mzito wa kukutangazia msiba. Miwani yangu imefariki. Ilitutoka ghafla Jumapili baada ya ibada, ilipokaliwa na mzee mmoja mwenye tumbo na kipara, ambaye ni mimi. Marehemu ameacha mfuko wake wa ngozi na nyuzi mbili za kamba nilizokuwa nikiifungia masikioni. Hakutakuwa na matanga. Kwa sababu hiyo barua hii nasema kwa mdomo na mwingine anaandika. Ukiona herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, usikasirike. Mwandishi wangu ni mgeni katika kazi hii, nami nimemwonya asiongeze neno wala asipunguze, hata akisikia jambo la kumshangaza. Ameahidi. Amecheka pia, nadhani kwa sababu ya miwani.

Barua yako niliipata. Unasema Zacharia na watu wake watakuja Jumamosi tarehe ishirini na tisa kumposa binti yako Wamboi, na unaniomba mimi ndiye nisimame kuisemea nyumba yetu, maana mdomo wangu hauna kutu. Asante kwa sifa. Zacharia ni mtu mzuri. Mabati anayouza pale Thika hayavuji, na mkewe alipofariki alimzika kwa heshima. Mimi, wewe na yeye tulitahiriwa msimu mmoja, na nakumbuka vizuri nani kati ya watatu alilia. Sitamtaja, kwa kuwa karibu atakuwa mkwe wako.

Umeandika pia kwamba msichana wa mkono mmoja hachagui, na kwamba tumshukuru Mungu Zacharia hakuuliza sana. Mwandishi wangu ameniuliza kama kweli uliandika hivyo. Nimempa barua yako ajisomee. Sasa tunaendelea.

Unajua desturi yetu haina haraka. Siku hiyo, kabla mtu hajaonja chochote, wewe baba utamwita Wamboi mbele ya wageni na kumwuliza kama pombe hii waliyoleta watu hawa tuinywe au tusiinywe. Akisema tunywe, ataonja yeye kwanza, kisha akupe wewe; akikataa, wageni hurudi na pombe yao. Ni swali dogo, na wasichana wote hulijibu huku wakiangalia viatu vyao. Lakini kwa kuwa mimi ndiye nitashika pembe ya pombe na kumwaga, nataka kwanza tukumbushane mambo ya Pasaka, nisije nikamwagia mtu miguuni.

Utakumbuka mwezi wa tatu, Mwanzia, yule fundi wa baiskeli wa pale stendi, alipokuja na mjomba wake kutoka Tala kumwulizia Wamboi. Ulikalia kiti changu, kile kizuri, ukamwangalia kijana kuanzia kofia hadi kandambili. Ulimwuliza kama mahari ataleta kwa viraka vya tyubu. Tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza, na mjomba wake akacheka kidogo kwa adabu. Halafu ukasema una njia ya haki. Jumatatu ya Pasaka kulikuwa na yale mashindano ya baiskeli, kutoka hapa Mugutha kupitia kwenye mashamba ya kahawa, kushuka hadi mtoni, kupanda tena hadi Kamenu. Wamboi alikuwa amejiandikisha na ile maunteni, baiskeli ya milimani, aliyoachiwa na mwalimu wake wa taipu alipohama. Ulisema hutaki hata awe wa kwanza. Ulisema fundi akiweza kuivalisha ile baiskeli tairi za kumfikisha binti yako Kamenu bila mwili wake kugusa ardhi, alete mbuzi wa mahari, utawapokea. Mwanzia alivua kofia akakushukuru. Nilidhani atapiga magoti.

Sijawahi kuona mtu akichagua nguo ya arusi kama yule kijana alivyochagua zile tairi. Alizitafuta Ruiru, Thika, akashuka hadi soko la Gikomba kuchokora zile kuukuu zinazotoka ng'ambo, akarudi na gunia zima na kulimwaga uani kwangu, kuku wakatawanyika. Alizikunja, akazinusa, akazipiga kwa kucha kusikiliza mpira. Mimi kwa kujitia mjuzi niliomba nimjaribie moja. Nilipanda ile maunteni, nikazunguka kisima mara moja, na mara ya pili nikajikuta nimelala kwenye sukuma wiki ya mke wangu. Wamboi alicheka mpaka akakaa chini.

Mwisho Mwanzia alibaki na mbili. Ya mbele aliichagua pana, ya mpira laini, meno yake marefu yameachana ili yateme tope. Ya nyuma ilikuwa na meno mafupi yaliyokaribiana, ibingirike bila kumla mtu miguu, na mistari ya kukingama ya kuvuta mlimani. Wewe ukamcheka. Ukamwambia tangu enzi za baba yetu, tairi nzuri hukaa nyuma na iliyochoka humalizia siku zake mbele, kwa maana gunia la viazi halibebwi na usukani. Ukamwuliza kama kwao Tala viazi hupanda mbele.

Yeye alikujibu kwa heshima. Alisema mzee, kwa blakimamba, baiskeli ya mizigo, yenye gunia uko sawa kabisa, na hata yeye akiwafungia watu tairi huwafungia hivyo. Lakini ule mteremko wa mtoni, wenye tope juu na mawe chini, mtu akishika breki uzito wote hukimbilia mbele, na ya nyuma inabaki kufuata tu kama mkia. Alisema ya nyuma ikiteleza unacheza ngoma, ya mbele ikiteleza unakula udongo. Kisha akakuomba ubonyeze kwa kidole gumba usikie upepo aliotia, kidogo tu, ili mpira ulikumbatie jiwe badala ya kulidunda. Ulibonyeza. Ulisema umeelewa. Nilikuwa hapo, nashikilia pampu, nikakusikia ukisema umeelewa.

Siku yenyewe uliiona, lakini uliiona ukiwa juu na wanaume wenzako. Mimi nilikuwa chini karibu na daraja, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imekataa kupanda. Mwanzia alikuwa hapo na tyubu shingoni, akingoja kama kutakuwa na pancha. Wamboi alitokea kwenye kahawa akiwa wa tatu, tope hadi kwenye meno, anang'aa. Mwanzia aliliona gurudumu kabla hajamwona msichana. Alianza kukimbia kupanda mlima huku akipunga mikono yote miwili. Binti yako alidhani anashangiliwa. Aliachia usukani mkono mmoja, akampungia.

Mengine unayajua. Lile jiwe, na mkono wa kulia uliopinda mahali ambapo mkono haupindi. Madaktari wa Thika walifanya walichoweza. Vidole havifungi tena, na ile ofisi ya Ruiru alikotarajia kuajiriwa ilimwambia kwa upole kwamba mpiga taipu hupiga taipu.

Ukaita kikao sebuleni kwangu. Mwanzia alisema tairi hazikuwa jinsi alivyoziacha. Wamboi, mkono wa plasta ukining'inia shingoni, akasema ni Mwanzia mwenyewe aliyebadili, kwani baba alimwambia Jumapili jioni kwamba fundi amepita, amebadili mawazo, amegeuza, na ya mbele sasa ni ile ya meno mafupi. Mwanzia akasema Jumapili hakupita. Akataka kuapa. Wamboi akamwambia akaape kwao Tala, huku tumeshajua viapo vyake vina meno mafupi. Watu walicheka. Ulimpigapiga mgongoni binti yako kwa fahari. Halafu mkaniuliza mimi mwenye nyumba kama Jumapili nilimwona fundi akipita. Nilisema siku hiyo miwani ilikuwa na ukungu, sikuona vizuri nani aliingia na nani alitoka.

Kesho yake vijana wa stendi walivunja kibanda cha Mwanzia wakatupa magurudumu yake kwenye mtaro wa maji machafu. Nilipita nikaona spoki zikimetameta humo. Sikusimama.

Sasa, Nicanor, miwani imekufa na sina tena cha kusingizia.

Jumapili ile ya Pasaka Wamboi alikwenda kanisani kufanya mazoezi ya kwaya. Jua lilikuwa bado juu. Ulichukua vijiko viwili vya chai jikoni kwangu, ukaja uani ukapindua ile maunteni, ukaanza kung'oa tairi kwa vijiko. Niliketi kwenye ndoo nikikutazama kama hivi ninavyomtazama mwandishi wangu. Nilikuuliza unafanya nini. Ulisema unaiweka baiskeli kama Wagikuyu wanavyoiweka. Nilikukumbusha ulichoambiwa juu ya mteremko. Ulisema umekumbuka. Ile ya meno marefu ukaivalisha nyuma, ile ya meno mafupi ukaivalisha mbele, kisha ukaijaza ile ya mbele upepo mpaka ikalia. Ulibonyeza kwa kidole gumba, palepale Mwanzia alipokufundisha, ukaona haibonyei, ukaongeza. Hukuwa umesahau. Hukuwa unafuata mazoea ya baba yetu. Ulisema tutaona kama mbuzi wa Tala watavuka mto.

Sisemi ulitaka avunjike. Nadhani ulitaka aanguke kidogo, achubuke goti, upate kusema mwili umegusa ardhi. Lakini Wamboi aliporudi kutoka kwaya ulimwambia ni Mwanzia aliyebadili, nikasikia kutoka jikoni, na vijiko vyako bado vilikuwa na grisi. Mke wangu anavitumia hadi leo. Ulikoroga chai kwa vijiko hivyo siku ya kikao.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kamenu. Nilisikia Mwanzia anatengeneza mikokoteni nje ya soko, nikamkuta ameinama juu ya gurudumu. Nilimweleza yote haya. Nilidhani nitamletea furaha, na kwamba atachukua kofia twende. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso. Kisha akaniuliza kama Wamboi amenituma. Nikasema hapana, Wamboi bado hajui. Akasema basi nimwache asijue, kwani yeye alitaka kumwapia msichana yule machoni naye akachagua kucheka na wengine, na sasa hana haja ya mtu anayehitaji mashahidi ili amwamini. Halafu akaniomba nisogee kando, nilikuwa namzibia mwanga.

Hata hilo limeandikwa hapa, kama nilivyoahidiwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Utakuwa umekwisha kumjua mwandishi wangu. Tangu mwezi uliopita anajifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto hapa mezani kwangu, na leo niliona afadhali nimpe zoezi refu. Ningeweza kumwambia kwa mdomo. Nilijaribu jana na juzi, nikaishia kumwuliza kama amekula. Kusema ukweli nilikuwa mwoga, nikaona akiwa ameinamisha kichwa juu ya karatasi hatanitazama. Amesimamisha kalamu mara mbili tu. Mara ya kwanza alipofika kwenye vijiko. Mara ya pili ni kule Kamenu, ambapo aliniomba nirudie yale ya Mwanzia, polepole, asije akakosea hata neno moja. Nimemwuliza kama anataka tuichome barua hii. Amesema niendelee, mkono haujachoka.

Basi nisalimie wote wanaofanya kazi nawe, na yule mpishi wenu mwenye kuunguza ugali. Mke wangu anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini. Kuhusu Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, pembe ninayo, nimeiosha. Nitasimama mahali uliponiomba nisimame. Nilitaka kukushauri umwambie Zacharia asijisumbue, lakini aliye hapa anakataa. Anasema hayo mengine ataandika yeye.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Gachau

Baba, usiwarudishe wageni. Waje wote. Uniite mbele yao uniulize kama tunywe.

Wamboi