Mikono ya Kutu

Takaida, Higashi-Osaka
28 Juni 1994

Mpendwa mjukuu wangu Mizuho,

Nani alikutuma ufungue sanduku la marehemu babu yako? Salamu zitakuja, zikitangulia nitalainika. Ulikuja hapa mwezi wa tano, ukala wali wangu siku tatu, ukaniaga kwa adabu, kumbe nyuma ya mgongo wangu umeshikashika vyuma vyake vya kupimia, vile vipande vya kipimo kamili, kwa mkono mtupu kama mtu anayechagua nyanya! Hukufuta, hukupaka mafuta, ukafunika. Sasa mvua za mwezi wa sita zimeingia. Jana nafungua, nakuta vipande vinne vina alama za vidole, nyekundu za kutu, mpaka mistari ya ngozi inahesabika. Hata mwizi haachi ushahidi namna hiyo.

Haya. Hujambo? Kikohozi kimeisha? Mimi mzima, ila goti langu siku hizi linajua habari za mvua kabla ya redio. Baba yako na mama yako wazima pia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema msimamizi wako huko kiwandani Suwa alikutangaza mbele ya wenzako: "Wewe una mikono ya kutu, nenda kafunge maboksi." Na unasema mwezi wa saba ukiisha unaacha kazi ya upimaji. Nilipoziona zile alama, nikaelewa. Ulikuja kujipima kwenye vyuma vya babu yako, uone kama yule bwana kasema kweli, kisha ukaogopa kungoja jibu.

Jibu ni hili: kasema kweli.

Lakini hukuniuliza mikono hiyo yenye jasho linalotia chuma kutu umeirithi wapi. Umeirithi kwangu. Funga mdomo, soma.

Nilipoolewa, mwaka wa hamsini na tatu, babu yako alikuwa ameacha tumbaku miaka miwili ili anunue lile sanduku. Siku moja ya mvua kama hizi nilikiona kipande kimoja kina vumbi. Mimi bibi harusi mwenye bidii, nikakifuta kwa kiganja. Baada ya wiki dole gumba langu lilikuwa limechorwa juu yake kwa kutu. Babu yako hakunena neno siku tatu. Mimi shule nimesoma miaka mitano tu, vita ikanitoa darasani. Nikajua mjinga nimefukuzwa. Nguo zangu nilikwisha kuzifunga.

Siku ya nne akakaa chini karibu na mashine yake ya kukereza vyuma, akachonga mianzi, akatengeneza vijiti viwili kama vile vya kulia wali, ncha akazifunga ngozi ya kulungu. Akanipa. "Fusae, sanduku ni lako kuanzia leo. Mimi mikono yangu mikavu, kwa hiyo nasahau kufuta. Wewe huwezi kusahau."

Hayo tu. Akarudi kwenye mashine.

Basi nikawa nahamisha vyuma kwa vijiti. Kuwata wa karakana ya jirani akaita watu: "Njooni mwone, mama Nishikado anakula chuma!" Nikamwambia, "Karibu uonje, kama meno unayo." Mafundi wa mtaa mzima walicheka, kisha wakaanza kuniletea vyao niwatunzie wakati wa mvua. Miaka thelathini na minane, mpaka babu yako alipofariki, hakuna kilichooza mikononi mwangu. Wenye mikono mikavu ndio walioozesha vyao.

Nawe sikiliza, maana haya hutayapata kwenye vitabu vyako. Futa kwanza, mafuta baadaye. Ukipaka mafuta juu ya jasho umeifungia chumvi ndani. Mafuta yawe ya mbegu za kamelia, tone moja, si bakuli. Maikromita, kile kipimo cha kubana, usiifunge mdomo unapoihifadhi. Iachie nafasi ya unene wa karatasi, nayo ipumue. Vipande ulivyovigandisha pamoja ili kupata kipimo usivilaze hivyo hata usiku mmoja, vitashikana kama wachumba na kuvitenganisha ni kuvikwaruza. Na sanduku liwe la mbao za mti wa kiri, linakunywa unyevu lenyewe.

Vile vinne vyako nimevihangaikia tangu jana. Viwili vimepona. Viwili havitapima tena. Nimelia, sifichi.

Nisalimie Bi Hanaoka, mwenye nyumba wako, umwambie nashukuru kwa kabichi zake za chumvi. Kuwata naye anakusalimu. Siku hizi hana jino hata moja, na bado anacheka. Wazee wetu waliotangulia wakulinde, wakukaushe viganja pia.

Ndani ya kifurushi hiki mna vijiti vyangu, na kile kipande cha kwanza chenye dole gumba langu. Babu yako hakukisugua wala hakukitupa. Alikiweka sandukuni miaka yote, kwenye nafasi yake. Hicho peke yake kishike kwa mkono mtupu, uweke dole gumba lako juu ya langu, uone. Kisha nawa, jikaushe, na Jumatatu uingie chumba cha kupimia na vijiti mkononi, ufanye kazi mbele ya yule bwana bila kumjibu neno. Na mwezi wa nane, tutakapowapokea marehemu wetu kwenye sikukuu yao, uje uchukue sanduku.

Bibi yako akupendaye hata akikukaripia,
Fusae Nishikado