Sukari ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetawazwa! Mke wangu karudi kutoka duka la dawa na habari mbaya: zamu zimepunguzwa, na mshahara umekatwa katikati kama mkate. Kavua viatu, kakaa, kasema amechoka kuumiza kichwa na matumizi ya jikoni. Nikasema — sijui shetani gani alinishika ulimi — "Niachie mimi." Akanitazama vile anavyomtazama mteja anayetaka dawa kali bila cheti cha daktari. Kisha akanipa pochi. Bila ubishi. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Siogopi. Mimi ni fundi wa friji, kazi yangu ni kufungua friji za watu. Nimeona nyanya zilizoota ndevu. Nimeona maziwa yaliyogeuka jiwe. Watu hawali, watu wanazika! Friji yetu haina upotevu wa namna hiyo. Mara nyingi ina taa tu.

Jumanne, 4 Machi

Sokoni. Nimenunua tenga zima la nyanya kwa bei ya kutupa. Muuzaji alinisaidia kubeba mpaka nje, akanishukuru sana. Shukrani zilizidi kipimo. Nyumbani nikaelewa — nyanya za juu nyekundu, za chini uji.

Jumatano, 5 Machi

Mayai na nyanya. Maharage ya nyanya. Mkate na nyanya. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye hajatimiza hata miaka saba na tayari ana ulimi wa wakili, kaniuliza kama chai nayo itakuwa na nyanya. Dada yake mkubwa kacheka hadi kapaliwa. Nimewaambia njaa haina adabu, na nyumba hii bado haijaona njaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata mwizi. Si mchele, si mafuta. Ni sukari! Inapotea kama maji kwenye mchanga. Nimechunguza kimya kimya asubuhi yote. Watoto — kidogo. Mke wangu — hatumii. Mimi — kiasi cha kawaida tu.

Mama mkwe.

Anajaza hadi kijiko kinasimama wima kikombeni. Anakoroga taratibu, anaonja, anatafakari, anaongeza. Na mimi nimekaa mbele yake nimeshika mkate, natazama ukuta. Mkwe hahesabiwi vijiko! Nikifungua kinywa nimekwisha. Nikinyamaza pochi imekwisha.

Nimemwomba mke wangu amwambie. Kasema yeye hamwambii mama yake kitu, mwenye pochi ndiye mwenye mdomo. Binti mkubwa kashauri tumwambie ni kwa ajili ya afya yake. Bibi yake ana meno yote na anapanda ngazi upesi kuliko mimi. Nani ataamini?

Jumamosi, 8 Machi

Nilidhani nimepata akili. Nimemimina sukari kwenye kikopo kidogo, nikaweka kijiko cha plastiki kilichokuja na dawa ya kikohozi ya mtoto. Hakuna neno lililosemwa. Busara tupu.

Mama mkwe akakaa. Akakiona kijiko. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Kumbe kuna mgonjwa?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Hata mke wangu, msaliti. Mama hakucheka. Akakirudisha kijiko polepole, akavuta kikombe, akanywa chai kavu mpaka mwisho. Bila hata chembe ya sukari. Kisha akasema, "Asante, mwanangu. Imetosha."

Imetosha! Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Aibu yangu leo haina mfuko wa kuiweka. Nilikuwa uani natengeneza feni ya friji ya mteja. Jirani yetu, yule mama fundi cherehani, kaniita juu ya ukuta kwa sauti ya mnada: nisimtafute mama, yuko kwake anapata chai, nisiwe na wasiwasi, sukari wanayo!

Mtaa mzima umesikia. Aliyekuwa anaanika nguo kaacha kuanika. Nikasema ahsante. Ungesema nini?

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe anaondoka. Kanitangazia mwenyewe, kwa adabu zote, kwamba anakwenda kwa binti yake mdogo kubadili hewa. Siku chache tu. Hewa! Hewa ya kule ina nini ambacho ya hapa haina? Ninajua. Mume wa shemeji yangu, mwanyumba wangu, anauza bima, anavaa tai, sebule yake ina vigae. Tangu tuoe nyumba moja mimi na yeye ninasikia: kwa mwanyumba wako kuna hiki, kwa mwanyumba wako kuna kile. Sasa patakuwa na mama pia.

Nimembebea begi hadi kituoni. Jepesi sana.  Alipopanda akageuka, akanigusa bega.

"Usijali, mwanangu. Mdomo mmoja ukipungua, si haba."

Nimerudi nyumbani, mke wangu ananipigia pasi shati. Sikumwomba. Anapiga pasi tu, mikono, kola, mikono tena. Nimekwisha.

Ijumaa, 14 Machi

Matumizi yameshuka! Hongera kwangu. Sukari iko vilevile, imejikalia ndani ya kikopo, inanitazama.

Lakini nimeuma jiwe kwenye maharage hadi nimeona nyota. Hakuna aliyeyachambua. Alikuwa anachambua Mama, jioni, huku akiwapa watoto vitendawili, na mtoto wa mwisho hakubali kulala bila kitendawili. Nimemtegea kimoja. Kajibu kabla sijamaliza, kisha akaniuliza, "Bibi atarudi lini?" Hicho sikuweza kukitegua.

Mke wangu kafungua kinywa hatimaye. Hakupiga kelele. Kasema mama yake alifunga nyumba yake mwenyewe akaja kutulelea watoto ili sisi twende kazini. Haombi nguo. Haombi nauli. Hajawahi kulalamika hata juu ya nyanya. "Kitu kimoja tu anajipa kwa siku," akasema, "nacho umempimia kwa kijiko cha kikohozi."

Akazima taa ya jikoni akaniacha humo.

Kesho nakwenda kuomba msamaha. Shati liko tayari.

Jumamosi, 15 Machi

Nina mengi, sijui nianzie wapi.

Nimefika kwa mwanyumba nimenyooka kama askari wa gwaride. Mlango wazi. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikaingia — nikasimama. Vigae vipo. Juu ya vigae hakuna kitu. Makochi hayapo. Ukutani kuna alama nyeupe ya mraba ilipokuwa televisheni. Na katikati ya sebule, sakafuni juu ya mkeka, mwanyumba wangu na fulana yenye tundu, anachambua maharage. Mama mkwe pembeni anamsahihisha: "Hilo si jiwe, baba, hilo ni harage jeusi. Usitupe chakula."

Hakuinua uso. Shemeji ndiye aliyenieleza, mlangoni, kwa sauti ya chini. Mumewe hana kazi tangu mwaka uanze. Kila asubuhi alifunga tai akatoka, akashinda kwenye benchi la bustani mpaka jioni, ili majirani wasijue. Makochi yamekwenda kwa kodi. Mwenye nyumba amechoka kusubiri, kesho wanatoka.

Nikakaa mkekani. Wivu wote niliomtunzia mtu huyu miaka hii ukakosa pa kukaa. Nilitaka kusema pole. Nikasema, "Maharage mazuri haya." Kafungua mdomo kidogo, kajibu, "Yana mawe."

Basi nikamgeukia Mama. Nikaomba msamaha vile nilivyojipangia njiani, na kijiko nikakitaja kwa jina. Akaniacha nitoe jasho mpaka mwisho. Kisha akacheka! Kacheka hadi machozi, akayafuta kwa upande wa nguo.

"Wewe, wewe! Ulidhani nimesusa kwa sababu yako? Nilikasirika, sikatai. Siku moja. Huyu binti alinipigia simu analia, nami nikatafuta njia ya kutoka bila kumtangaza mume wake. Ukanipa kijiko."

Sijui kama nilifurahi au niliudhika. Mtu anabeba dhambi siku zote hizo, kumbe haikuwa hata dhambi kubwa!

Nikamwambia, hata hivyo turudi nyumbani, Mama. Watoto wanakuulizia.

"Nitarudi," akasema. "Lakini sirudi peke yangu."

 Mapacha wa shemeji wameacha kucheza. Mwanyumba kashika punje moja, haitupi, haiweki. Nikaiona pochi, nikauona mshahara uliokatwa, nikaona vyumba vyetu viwili na bafu moja. Nikasema, "Tutabanana."

Mke wangu nilimuuliza? Sikumuuliza.

Jumapili, 16 Machi

Nilimwambia mke wangu jana jioni nikiwa karibu na mlango, tayari kukimbia. Kakaa kwenye stuli. Kacheka kwanza, mpaka nikaingiwa na hofu. Kisha kanishika uso kwa mikono miwili, akaenda kuhamisha vitanda.

Wamefika mchana. Tulikuwa watano, sasa ni tisa. Foleni ya bafuni imeanza! Mapacha wamemuuliza binti yangu kama hapa watu wanakula kila siku. Wameuliza kama wageni wanavyouliza choo kiko wapi. Kawajibu ndiyo, kisha akaja jikoni akasimama nyuma yangu bila sababu.

Mama ameungana na binti zake wawili jikoni, kila mmoja anamwambia mwenzake anakoroga vibaya. Mtoto wa mwisho ameshatega vitendawili vyote anavyovijua na anaanza kutunga vingine. Chakula kimepakuliwa. Sahani hazitoshi, mapacha wanakula kwenye vifuniko vya sufuria na wanaona ni heshima.

Mwanyumba hajaingia. Yuko nje getini, amekaa juu ya godoro lao lililokunjwa. Amevaa tai. Kwa safari ya godoro, amevaa tai! Nimemwita, anasema anakaza kamba kidogo. Kamba hiyo naiona kutoka hapa dirishani. Ilishakazwa zamani.

Mama kaniambia nikamchukue mwenzangu, chakula kinapoa. Nimefika mlangoni mara mbili nikarudi kuandika. Nimwambie karibu? Karibu anaambiwa mgeni. Nimwambie ingia? Ataona namwamuru. Fundi mzima sina neno la kumwambia mtu aliyekaa juu ya godoro.

Sasa amenyanyuka — hapana, kakaa tena.

Basi. Nabeba sahani mbili, ya kwake na ya kwangu. Nitakaa naye hukohuko. Akisogea kunipa nafasi, vizuri. Asiposogea, nitakula nimesimama. Natoka.